Mizani

Sokoni Kongowea sihitaji mizani.
Natia mbatata kiganjani, nasema: kilo mbili na robo,
na Mbwarali, aliyezoea kupunja watu,
hunitazama kama aliyeona jini mchana.

Mkono huu ulifunzwa kaskazini.
Miaka kumi na tisa nilipima kila kilichopanda:
chanjo ndani ya masanduku ya barafu,
karatasi za mtihani, betri za redio, hakimu na mafaili yake,
mbuzi wa mahari aliyekojolea ramani ya Marsabit,
na abiria, mmoja mmoja, juu ya mizani ya magunia,
wakiona haya kama wanaovuliwa nguo.
Ndege ndogo haijui cheo.
Inajua uzito, na joto, na urefu wa uwanja.
Na uwanja, kule, ni neno la heshima tu:
ni mahali ambapo mawe yameondolewa
na ngamia wameombwa radhi.

Mama, kwetu Kuze, naye alikuwa na mizani yake.
Alihesabu kwa pingili za vidole, nane na nane,
na ubeti uliopungua silabi moja
aliuacha wazi usiku kucha, kama mlango wa mgonjwa.
Nilipoajiriwa akanifungia huu pamoja na mahamri:

    Mwanangu nakuusia, siku yako ya safari
    Mbinguni hakuna njia, wala kituo cha gari
    Mzigo ukizidia, shusha kabla ya hatari
    Bali utu shikilia, hauna kilo si siri

Niliutia mfuko wa shati. Jasho likaufuta. Nilikuwa nishaushika.

Kalacha, basi. Saa saba za mchana,
Chalbi inachemka kama mafuta karaini,
hewa nyepesi, haibebi kitu.
Halakhe wa zahanati kaleta mtoto, Tume, miaka sita,
kaumwa na nyoka, mguu umevimba hadi nyonga.
Na mama yake, mjamzito. Na bibi yake, Qabale.
Nikapiga hesabu mara mbili.
Nikashusha kiti, nikashusha barua,
nikashusha maji yangu na viatu vyangu.
Bibi akapanda mizani: kilo arobaini na moja.
Nikatikisa kichwa.
Akavua bangili za shaba, moja moja, akaziweka mchangani.
Akavua shanga. Akavua ndara za tairi.
Akatema mate. Ndiyo, hata mate.
Akapanda tena, akanitazama mimi, si mshale.
Mshale haukusogea upana wa ukucha.

Nikafunga mlango.

Tume alipona. Hilo nalisema haraka kila ninaposimulia,
mtu asije akaniuliza lingine.
Magurudumu yaliiacha ardhi pale mawe yanapoanza,
nikajua hesabu yangu ilikuwa sahihi,
na usahihi huo sijajua hadi leo niuweke wapi.

Sasa nakaa Magongo.
Daktari wa macho alinipokonya leseni kwa maneno mapole.
Ndege kubwa za watalii hushuka juu ya bati langu,
vikombe vikalia kabatini, na mimi, bila kutaka,
nasikiliza injini kama mtu asikilizaye kikohozi cha jirani.
Mle ndani hakuna aliyepimwa. Hupimwa masanduku.

Bangili moja tuliikuta nyuma ya kiti changu.
Nani aliitupa humo, sijui.
Sonara wa Mji wa Kale aliniwekea kwenye mizani yake ya dhahabu:
gramu thelathini na nane. Akataka kuinunua.

Mama, sikuwahi kukwambia ubeti wako una kosa.
Silabi zimetimia, vina vimekaa,
nimehesabu kwa pingili zangu mwenyewe.
Lakini utu una kilo.
Siku ile ulikuwa arobaini na moja,
nami niliuacha pekupeku uwanjani,
umekinga macho kwa kiganja,
ukiitazama ndege.